Barua za Waskoti wa Dunedin na yale wasiyoyaandika

Watazamaji wangu wapendwa huko nyumbani, hamjambo. Leo nawazungumzia kutoka Dunedin, kusini mwa New Zealand, mji uliopewa jina la Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kwa lugha ya Kigaeli cha Uskoti. Kabla sijaendelea, itazameni kwa makini nakala hii ya barua niliyoishika. Mwandishi wake alijaza ukurasa mzima, kisha akaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ile ile, hata maneno yakapishana kama nyuzi za kiondo. Karatasi na posta zilikuwa ghali, na mambo ya kumweleza mama yalikuwa mengi.

Waskoti wa kwanza wa mji huu walikuja kwa meli mbili: John Wickliffe, iliyofika Machi 23, 1848, na Philip Laing, iliyong'oa nanga katika bandari ya Greenock, Uskoti, Novemba 1847 na kufika hapa Aprili 15. Wengi wao walikuwa waumini wa Free Church, kanisa lililojitenga na Kanisa la Uskoti mwaka 1843. Mwanzoni baadhi yao waliishi katika nyumba za fito zilizokandikwa kwa udongo na kuezekwa kwa nyasi, nyumba ambazo marehemu nyanya yangu angezitambua mara moja.

Nimesoma barua nyingi za walowezi wa aina hii, na kinachonigusa zaidi ni furaha yao kuhusu chakula. Mtu ambaye kwao nyama ilikuwa ya sikukuu anaandika kwamba sasa anaila kila siku, na kwamba hapa hakuna bwana wa kumvulia kofia njiani. Ninamwamini, kwa sababu njaa ya Uskoti ilikuwa ya kweli: mwaka 1846 viazi vilioza mashambani katika nyanda za juu, na watu wengi wakaihama nchi. Kisha anafika kwenye ardhi, na hapo mwandiko wenyewe unaonekana kuchangamka: ni tele, ina rutuba, inamsubiri mwenye jembe.

Hapo ndipo ninapoiweka barua chini. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wa kabila la Ngāi Tahu, na mwaka 1844 wazee wao walitia sahihi mkataba wa kuiuza kwa pauni 2,400. Malalamiko yao kuhusu mauzo hayo na mengine ya kisiwa hiki cha kusini yalidumu zaidi ya miaka 100, mpaka mwaka 1998 serikali ilipoomba radhi rasmi na kuwalipa fidia ya dola za New Zealand milioni 170. Katika barua nilizosoma, Mmaori anatajwa akileta samaki au viazi, lakini hatajwi kama mwenye nchi.

Mimi ni mzaliwa wa Thogoto, Kiambu, na jina hilo ni neno "Scot" lilivyotamkwa na wazee wetu walipowapokea wamishonari Waskoti. Babu yangu aliwahi kunionyesha kwa fimbo bonde ambalo baba yake alilima kabla ya walowezi kugawiwa. Kwa hiyo ninaposoma kwamba ardhi inamsubiri mwenye jembe, ninaiona fimbo ile.

Sasa tazameni hapa pembeni, palipobaki nafasi ndogo sana. Kwa herufi za kubanana, anamsihi ndugu yake auze ng'ombe na kuja upesi, kabla mashamba mazuri hayajaisha.