Takometa ya Mkononi: Kipimo Kinachoanza Mashine Ikiwa Imesimama

Ndugu mafundi, walimu wa karakana na wanafunzi wa ufundi, asanteni kwa kufika hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, mchana huu wa joto. Nimeombwa nizungumzie takometa ya mkononi, kifaa cha kupimia kasi ya mzunguko, na namna ya kukitumia bila mtu kuumia. Niseme msimamo wangu tangu mwanzo: usalama wa kipimo hiki huamuliwa kabla ya swichi kuwashwa. Fundi anayengoja mota izunguke ndipo aanze kufikiria asimame wapi, aelekeze wapi mwanga wa kifaa na atarajie namba gani, huyo amekwisha kuchelewa.

Tuanze kwa kuitazama shafti yenyewe, yaani mhimili unaozunguka. Mashine inayozunguka mara 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 katika sekunde moja. Ikiwa shafti yake ina kipenyo cha milimita 40, basi uso wake husafiri zaidi ya mita tatu kila sekunde. Binadamu mwenye afya huhitaji takriban robo ya sekunde kuitambua hatari na kuanza kuurudisha mkono wake. Ndani ya robo hiyo shafti imekwisha kuzunguka mara sita, na kama imenasa mkono wa shati, imekwisha kuvuta kiasi cha sentimita 78 za kitambaa, yaani nguo imekwisha na kinachofuata ni mwili. Hakuna wepesi wa fundi unaoweza kushindana na hesabu hiyo. Kwa hiyo anayekwenda kupima avae ovaroli iliyofungwa vifungo, mikono ya nguo ibane au ikunjwe juu ya kiwiko, kitambulisho cha shingoni kivuliwe, nywele ndefu zifungwe, na mtandio uchomekwe ndani ya nguo. Glovu nazo zivuliwe. Najua wengi wenu mmefundishwa kwamba glovu ni kinga, na kwa kazi ya kubeba mabati ni kweli, lakini mbele ya shafti inayozunguka glovu ni kitambaa kingine cha kunaswa, na ikinaswa huondoka na vidole vilivyomo. Hata ile kamba ndogo inayokuja na takometa, ya kuvalia kwenye kifundo cha mkono, isivaliwe karibu na mashine.

Sasa, kwa nini tujisumbue kupima? Kwa sababu kasi ndiyo inayoamua kama chuma kitahimili au kitapasuka. Nguvu inayovuta sehemu za kitu kinachozunguka ziende nje hukua kwa mraba wa kasi. Chukueni mashine ya kusaga unga, kama zile za Tandale na Manzese. Mota yake inazunguka mara 1,450 kwa dakika, ina puli, yaani gurudumu la mkanda, ya inchi nane, na puli ya mashine ni ya inchi nne. Bila kuhesabu kuteleza kwa mkanda, nyundo za kusagia zilizo ndani zitazunguka mara 2,900. Mwenye mashine akitaka unga utoke haraka, akafunga puli ya inchi kumi kwenye mota, kasi hupanda hadi 3,625. Ongezeko hilo ni robo tu, lakini mvuto kwenye pini za nyundo umezidi mara moja na nusu ya ule wa awali, na nje ya bati la mashine hiyo wamesimama wateja, wengi wao akina mama waliojifunga kanga, wakisubiri ndoo zao zijae. Hesabu ya puli inaonya, lakini ni takometa inayothibitisha, kwa sababu mkanda hulegea, puli huchakaa, na namba ya kwenye karatasi hubaki palepale.

Mfano wa grainda unaniuma zaidi, kwa kuwa nauona kila nipitapo Gerezani. Diski nyingi za kukatia hutengenezwa kuhimili kasi ya ukingoni ya mita 80 kwa sekunde. Ndiyo maana diski ya milimita 115 huandikwa mizunguko kiasi cha 13,300 kwa dakika, na ile kubwa ya milimita 230 huandikwa kiasi cha 6,600 tu. Sasa kijana anavua kinga ya grainda ndogo inayozunguka mara 11,000, anafunga diski kubwa ili akate chuma kinene. Ukingo wa diski hiyo utasafiri zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na mvuto ndani yake utazidi mara mbili na nusu ya ule iliotengenezewa. Hapa hata takometa haihitajiki. Inatosha kusoma maandishi ya kwenye diski na ya kwenye grainda kisha kuyalinganisha. Nawasihi walimu mliopo hapa mlifanye somo hilo kuwa la wiki ya kwanza.

Turudi kwenye kipimo. Jambo la kwanza ni kuijua namba kabla ya kuipima. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mota ya kawaida ya viwandani yenye ncha mbili za sumaku huukimbiza uga wa sumaku unaozunguka mara 3,000 kwa dakika, ya ncha nne mara 1,500, ya ncha sita mara 1,000. Nayo mota yenyewe hubaki nyuma kidogo, kwa hiyo bati la maelezo litawaambia 2,900 na kitu, au 1,440, au 960. Jenereta ya ncha nne inapaswa kuwa 1,500 inapobeba mzigo wake wote, na nyingi hutegeshwa zizunguke kiasi cha 1,530 hadi 1,560 zikiwa hazina mzigo, ili zikielemewa zisishuke mno. Fundi mwenye namba hii kichwani, au bora zaidi aliyeiandika kwa chaki, hatalazimika kukaa mbele ya mashine dakika nzima akishangaa anachokiona. Atapima, atalinganisha, ataondoka.

Jambo la pili ni kuizima mashine kwa kweli. Nasema kwa kweli, kwa sababu katika jiji hili kuna hali mbili zinazodanganya. Ya kwanza ni umeme kukatika. Mota inasimama, karakana inakuwa kimya, na fundi anaona amepata nafasi nzuri ya kuweka alama kwenye shafti. Kama mota hiyo ina stata ya kitufe yenye kontakta, yaani swichi ya sumaku inayojiachia umeme ukikatika, umeme ukirudi haitawaka mpaka kitufe kibonyezwe. Lakini kama imeungwa moja kwa moja kwenye swichi ya mkono iliyoachwa imewashwa, itaanza kuzunguka dakika ileile umeme unaporudi, mkono wa fundi ukiwa juu yake. Ya pili ni jenereta ya akiba inayojiwasha yenyewe. Hii imetulia siku nzima, injini ni ya baridi, kila mtu anaiona kama kabati, na umeme ukikatika inaamka bila kumuuliza mtu. Basi swichi kuu izimwe na kufungwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayegusa shafti na si mwa mwingine, na kibao kitundikwe kinachosema fundi yuko kazini. Kwa jenereta, kidhibiti kiwekwe mahali pa kuzima na waya hasi wa betri ufunguliwe. Kisha mtu asubiri mpaka mzunguko uishe kabisa. Mashine yenye gurudumu zito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya kuzimwa, na kuipunguza kasi kwa kipande cha ubao au kwa kiganja ni jambo ambalo halipaswi kufanyika hata mara moja.

Mashine ikiwa imelala hivyo, ndipo unapobandikwa utepe wa kuakisi, ambao takometa ya mwanga huuhesabu kila unapopita mbele ya mwanga wake. Futa mafuta na vumbi kwa kitambaa kikavu, la sivyo utepe utaruka na kifaa kitasoma upuuzi. Kipande kimoja cha urefu wa sentimita moja au moja na nusu kinatosha. Eneo lisiloakisi lazima liwe kubwa kuliko utepe wenyewe, na ikiwa shafti ni ya chuma kinachong'aa, izungushie kwanza utepe mweusi usiong'aa au ipake rangi nyeusi iliyofifia, kisha uweke kipande chako juu yake. Ukiacha mng'ao mwingine, kwa mfano ukingo wa ule mfereji wa ufunguo wa puli (kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti), takometa itauhesabu pia. Hapo ndipo mota ya 1,470 inaposomeka 2,940, na asiyeijua namba yake anakwenda kubadilisha puli isiyo na kosa.

Kinga ya mkanda irudishwe kabla ya kuwasha. Hili linabishaniwa sana, kwa hoja kwamba kinga inaziba mwanga. Ikiwa kinga ni ya wavu, mwanga utapita kwenye wavu. Ikiwa ni ya bati, litobolewe tundu dogo lisilopitisha kidole, mbele ya mahali pa utepe, lifanywe mara moja na kubaki hapo kwa vipimo vyote vijavyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na mkaguzi akikuta mkanda uko wazi hatapokea maelezo kwamba palikuwa na kipimo. Mimi naona sheria hiyo ina haki hapo, kwa kuwa mkanda ulio wazi haujui kama aliyesogea amekuja kupima au amekuja kufagia.

Sasa washa. Simama pembeni ya gurudumu, si katika mstari ambao vipande vingeruka, miguu ikiwa imara, na mtu mwingine awe karibu na swichi akikuona. Takometa nyingi za mwanga husoma vizuri kutoka sentimita tano hadi sentimita 50, na nyingine mbali zaidi, kwa hiyo tumia umbali huo. Usisogee karibu kwa mazoea. Elekeza leza karibu wima kwenye utepe, ukiinamisha kidogo tu ili mng'ao wa shafti usirudi moja kwa moja. Leza hizi kwa kawaida ni za daraja la pili, zenye nguvu isiyozidi miliwati moja. Jicho likiguswa hufumba lenyewe na kwa kawaida halidhuriki, lakini anayelikazia macho kwa makusudi anajiumiza, na shafti ing'aayo inaweza kuurusha mwanga huo usoni mwa aliyesimama upande wa pili. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, angalia nani yuko ng'ambo. Subiri namba itulie, itunze kwenye kumbukumbu ya kifaa, ondoka, ndipo uisome ukiwa mbali.

Kuna pia taa. Tyubulaiti za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wa hezi 50, jambo ambalo jicho halilioni. Baadhi ya takometa za mwanga zikiangalia taa hiyo husoma 6,000, na hiyo ni njia ya haraka ya kujua kama kifaa kina akili timamu. Lakini kupepesa huko kuna hatari yake: feni ya mapanga manne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inaweza kuonekana imesimama chini ya taa hiyo, kwa kuwa kila taa inapong'aa panga moja limekwisha kuchukua nafasi ya jingine. Stroboskopi, taa ya kupimia kasi kwa mimweko, hufanya hivyo kwa makusudi, na ndiyo sababu naitaka itumiwe na mtu mzoefu pekee. Mashine inayoonekana imetulia huita mkono. Aidha, mimweko ya mara tano hadi 30 kwa sekunde inaweza kumwamsha kifafa mwenye maradhi hayo, hivyo watu waulizwe kabla ya kuiwasha, kwa faragha na kwa heshima.

Takometa ya kugusa, ile yenye ncha ya mpira, nitaipitia kwa ufupi kwa sababu ninaipendekeza mara chache. Inafaa pale tu ambapo mwisho wa shafti uko wazi, una kitobo cha katikati, na hauna nati, pini wala ufunguo uliojitokeza. Ncha ikae katika mstari mmoja na shafti, isukumwe polepole hadi iache kuteleza, na isishinikizwe zaidi ya hapo; kwenye mota ndogo mkono wako mwenyewe huipunguza kasi, nawe unaandika kasi uliyoisababisha. Gurudumu lake dogo la kupimia mwendo wa mkanda kwa mita hutumika upande ambao mkanda unatoka kwenye puli, kamwe si pale unapoingia, kwa maana pale ndipo panapomeza.

Baada ya kusoma, zima, funga kufuli tena, ndipo uubandue utepe kama hauhitajiki. Andika kasi, mzigo uliokuwapo na tarehe, kwani namba isiyo na mzigo wake haisaidii fundi wa mwezi ujao. Kifaa chenyewe kipelekwe kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo sahihi, kwa vipindi vilivyopangwa; Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, lina maabara ya vipimo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, betri zitolewe kifaa kinapowekwa muda mrefu, kwa kuwa betri iliyovuja huharibu takometa nzima.

Mota iliyo mbele yenu mezani ni ya ncha nne, na bati lake linasema 1,440. Naomba wanafunzi wawili waje, mmoja ashike kufuli na mwingine kitambaa. Kabla hatujaubandika utepe, wataniambia kama haina mzigo watarajie namba iliyo juu ya 1,440 au iliyo chini yake, na kwa nini.