Kampuni Ni Mtu wa Pili

Asanteni sana. Mlioko mbele sogeeni kidogo, akina mama waliosimama mlangoni wapate pa kukaa.

Leo tunazungumza kuhusu kusajili biashara. Nianze na cheti. Baba yangu mdogo alikuwa na karakana ya useremala Keko, hapa Dar es Salaam. Juu ya benchi lake la kazi alitundika cheti cha usajili kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ndani ya fremu aliyoichonga mwenyewe kwa mninga. Alikiamini sana kile cheti. Mteja akiingia humwonyesha: "Sisi tumesajiliwa." Ikaja oda kubwa ya madawati. Akachukua mbao kwa mali kauli, akaajiri vijana, akapeleka mzigo. Mnunuzi akachelewesha malipo, na mwenye mbao akasubiri hadi akachoka, akaenda mahakamani. Dalali wa mahakama alipofika hakuishia karakanani. Alichukua mashine, akachukua pikapu, akaendelea mpaka kwenye kiwanja cha Chanika ambacho baba na mama mdogo walikilipia kidogo kidogo ili wajenge. Baba mdogo akamshushia cheti ukutani amsomee. Dalali akakisoma chote, akamrudishia.

Kilikuwa cheti cha jina la biashara. Ndugu zangu, jina la biashara ni jina tu. Mbele ya sheria, "Mninga Bora Furniture" na mzee mwenye kalamu sikioni ni mtu yuleyule. Deni la karakana ni lake, na mali yake yote inayoweza kukamatwa kisheria imo hatarini.

Kampuni ni kitu kingine kabisa. Mkisajili kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, ile iliyoanza kutumika 2006, anazaliwa mtu wa pili. Ana jina lake, ana TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, anamiliki mali, anakopa, anashtaki na kushtakiwa. Hana tumbo wala watoto, lakini sheria inamwona kama inavyokuona wewe.

Jambo hili lilikwishabishaniwa mahakamani kwa machozi, na aliyelibishania alikuwa fundi mdogo kama ninyi. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa mabuti ya ngozi, London, mtaa wa Whitechapel. Mwaka 1892 akaigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya kwao wakati ule ilitaka watu saba, basi akamwandika mke wake, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja hisa moja. Yeye mwenyewe akabaki na 20,001. Biashara ikaanguka haraka, na mfilisi, yaani aliyewekwa kukusanya mali ya kampuni iliyoanguka ili wadai walipwe, akasema: kampuni hii ni kiini macho, mwenyewe ni Salomon, alipe madeni yote. Mahakama mbili zikamkubalia mfilisi. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na Novemba 1896 majaji wakasema hapana: kampuni ikisajiliwa kihalali ni mtu tofauti na wenye hisa, hata kama mmoja wao ameshika karibu zote. Sheria yetu imeukuta msingi huo na inausimamia mpaka leo.

Sasa lile neno "Limited" mnaloliona mwisho wa majina kwenye mabango. Maana yake dhima yako, yaani wajibu wako wa kulipa madeni ya kampuni, ina kikomo, na kikomo ni thamani ya hisa ulizochukua. Ukichukua hisa 100 za shilingi 10,000, umeahidi shilingi 1,000,000. Ukishazilipa zote, mdai wa kampuni hana la kukudai wewe. Ukiwa umelipa 400,000, basi 600,000 bado ni deni lako, na kampuni ikifilisika mfilisi ana haki ya kulidai. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana naona watu wanaandika mtaji wa milioni 50 ili waonekane wakubwa kwenye zabuni, na hakuna aliyeingiza hata laki. Kila hisa uliyoichukua humo, umeweka saini kwamba utailipa! Tena ada ya usajili yenyewe hupanda kadiri mtaji unavyopanda. Andika mtaji unaoweza kuulipa.

Jingine linaloniuma ni kuazima majina. Kampuni binafsi ya kawaida huanza na wanahisa wawili na wakurugenzi wawili. Mtu yuko peke yake, anamwendea shemeji: "Nipe namba yako ya kitambulisho cha NIDA, tukuweke tu." Kwenye fomu anaandikwa nusu kwa nusu kwa sababu ndivyo kijana wa duka la steshenari alivyojaza. Miaka minne baadaye biashara imesimama, shemeji anadai nusu yake, na karatasi inamuunga mkono. Huwezi kwenda kusema tulikubaliana kwa mdomo kwamba hisa zake ni za jina. Isitoshe, tangu marekebisho ya mwaka 2020 kampuni inatakiwa kumtaja mmiliki manufaa, yaani binadamu hasa anayeimiliki au kuitawala, na kuficha ni kosa. Kama ni mkeo, mpe hisa mnazokubaliana kweli, kwa idadi mnayoikubali kweli. Kama ni hisa moja, iandikwe moja. Salomon hakumpa mke wake nusu.

Usajili wenyewe nitaupitia haraka, hauna uchawi. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA kwa namba yako ya NIDA, unaangalia kama jina liko wazi, unajaza taarifa za wakurugenzi, wanahisa na anwani, unapakia katiba ya kampuni, ile mnayoiita memati, unalipa kwa namba ya malipo, unasubiri cheti. Wakili au mtaalamu akusaidie, sawa, ila akaunti iwe yako, barua pepe iwe yako, simu iwe yako. Nimewahi kukaa na mama mwoka mikate ambaye kishoka alimfungulia kampuni kwa barua pepe ya kishoka, kisha akapotea. Na katiba aliyopakiwa ilikuwa imenakiliwa kwa mtu mwingine: ukurasa wa pili ulieleza kazi ya kampuni kuwa ni kutafuta na kuchimba madini. Yule mama hajawahi kuuona mgodi. Someni katiba kabla ya kusaini, hata ikichukua siku tatu.

Mtu wa pili akishazaliwa, mheshimu. Fungua akaunti ya benki kwa jina lake, na fedha ya mauzo iingie humo, isiingie kwenye simu yako. Ukitaka fedha, jilipe mshahara au gawio, yaani fungu lako la faida, na iandikwe. Ukichukua ada ya mtoto kwenye droo ya kampuni bila kuandika, unabomoa kwa mkono wako ukuta unaokutenga na madeni ya kampuni, maana mahakama zetu zina uwezo wa kuliinua pazia la kampuni na kumtazama aliyejificha nyuma yake, na Mahakama ya Rufani imekwisha kufanya hivyo. Na benki ikikupa mkopo wa kampuni huku ikikuwekea karatasi ya dhamana binafsi, kwamba kampuni ikishindwa utalipa wewe, jua unaambiwa utoke nje ya ukuta. Wakati mwingine hakuna namna, utasaini. Ila mwite mwenzi wako, msaini mkijua ni hati ya nyumba ipi inayowekwa mezani.

Kila mwaka kuna taarifa ya kupeleka BRELA, na ritani, yaani taarifa za kodi, za kupeleka TRA, mamlaka ya mapato, hata kama hamkuuza kitu. Usipopeleka, faini hukua kimyakimya.

Mama pale nyuma ameuliza tangu mwanzo, nami sikumjibu. Anasaga unga wa lishe, yuko peke yake na binti mmoja wa kumsaidia, hana deni la mtu. Je, naye afungue kampuni? Mama, mwaka huu bado. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kodi ya makadirio, ile inayopimwa kwa mauzo. Kampuni haina mlango huo: hutozwa asilimia 30 ya faida, na hesabu zake zinataka mhasibu, naye ana bei yake. Baki na jina la biashara, weka daftari la mauzo. Siku duka kubwa litakapokuambia ulete tani mbili ulipwe baada ya siku 60, na wewe mahindi na soya umeyachukua kwa mali kauli, siku hiyo kabla hujasaini chochote unitafute, twende tukamsajili huyo mtu wa pili.

Haya, nani mwingine alikuwa na swali? Kaka mwenye kofia.