Urithi Ulio Juu ya Kijiji: Aberfan na Maji Chini ya Kifusi

Ndugu zangu, kila tukizungumzia urithi wa kijiji cha makaa ya mawe, watu hukimbilia mnara wenye gurudumu uliokuwa ukishusha wachimbaji shimoni. Upakwe rangi, uwekewe kibao, basi. Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: tuanze na lundo la kifusi lililo juu ya kijiji, na maji yaliyo chini yake.

Twende Aberfan, kusini mwa Wales. Mgodi wake, Merthyr Vale, ulifungwa mwaka 1989. Yaliyotokea tarehe 21 Oktoba 1966, saa 3 na robo asubuhi, mnayajua: lundo la kifusi cha mgodi liliporomokea kijiji, watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto, wengi wakiwa katika shule ya Pantglas. Simulizi hiyo siirudii. Nataka tuitazame ardhi.

Mlimani palikuwa na malundo saba. La saba lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi, na chemchemi hizo zilikuwa zimechorwa kwenye ramani! Ndani ya lundo hilo yaliingia mawe taka, yale ambayo wachimbaji wa Geita huyaita magwangala, pamoja na tope laini lililobaki baada ya kusafisha makaa. Lilifikia kimo cha mita 34.

Sasa nisikilizeni hapa. Lundo kavu husimama kwa sababu mawe yanaegemeana na kusuguana. Maji yakipanda kutoka chini yasipate pa kutokea, hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, yakaanza kubeba uzito ambao mawe yalikuwa yakibebeana. Msuguano unapungua. Tope laini linazidisha hatari, maana linaziba vinjia vya maji. Hapo kitako kikiteleza kidogo tu, maji yanabanwa kwa ghafla na kifusi kinageuka uji. Zaidi ya mita za ujazo 100,000 zilishuka siku ile.

Dalili zake zinaonekana kwa macho: nyufa zinazofuata ukingo wa kilele, kilele kuzama, kitako kuvimba, maji ya chini kutoka yakiwa machafu kwa sababu yanasomba chembe laini kutoka ndani. Chemchemi ikikauka wakati wa mvua, ogopeni zaidi, kwani maji yamezibwa humo humo. Aberfan ilionywa: lundo la nne liliteleza mwaka 1944, na hili la saba lenyewe mwaka 1963.

Wapo wanaoniambia kosa lilikuwa simu, kwamba waya wake uliibwa na wafanyakazi wa kileleni wakashindwa kutoa onyo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Edmund Davies ililichunguza hilo, ikaona kwamba simu isingeokoa watu. Kosa lilifanyika siku walipochagua mahali pa kumwaga.

Wengine husema lundo la zamani limeshatulia, limeota nyasi. Nyasi hushika udongo wa juu. Maji yaliyo mita 10 chini haziyafikii. Februari 2020, baada ya mvua kubwa, tani zipatazo 60,000 ziliporomoka Tylorstown, huko huko Wales, kwenye lundo lililoachwa zamani. Wales ina malundo ya namna hiyo zaidi ya 2,500.

Kwa hiyo kutunza urithi huu ni kazi ya koleo. Chora chemchemi zote kwanza. Chimba mtaro upande wa juu, maji ya mlima yazunguke yasiingie kwenye kifusi. Zamisha mabomba membamba ya kupimia kimo cha maji ndani ya lundo, uyasome kabla na baada ya mvua. Zibua makalavati kabla ya masika, si baada yake. Kalavati likizibwa na majani na mawe, mtaro hufurika na kumwaga maji pale pale ulipokuwa ukiyazuia.

Muda unanikimbia. Nyumba za safu na bustani ya kumbukumbu iliyopo mahali palipokuwa na shule sitazifikia leo. Lakini fedha nitazitaja. Malundo yaliyobaki yalipoondolewa, serikali ya Uingereza ilichukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa michango iliyotolewa kwa ajili ya waathirika ili kusaidia kulipia kazi hiyo. Zilirudishwa mwaka 1997, pauni 150,000 zile zile, bila riba. Hadi 2007 ndipo serikali ya Wales ilipoongeza pauni milioni 2.