Mkono wa Svilova Ndani ya Filamu ya Vertov

Mabibi na mabwana, filamu tuliyoitazama punde, Mtu Mwenye Kamera, ilitoka mwaka 1929 katika Muungano wa Kisovieti. Ni filamu bubu, haina waigizaji wala maandishi ya kusimulia kisa. Wanaoisifu humtaja mwongozaji, Dziga Vertov, na pengine mdogo wake Mikhail Kaufman aliyeshika kamera. Mimi leo namtetea mhariri, Elizaveta Svilova, mke wa Vertov. Orodha ya majina mwanzoni mwa filamu inamwita msaidizi wa uhariri, na kwa kazi hii cheo hicho ni kidogo mno.

Kumbukeni yule farasi. Anakimbia akikokota gari la abiria, ghafla anaganda. Zinafuata nyuso za wanawake na watoto, nazo zimeganda. Kisha tunauona ukanda wenyewe wa filamu, na matundu yake pembeni, halafu Svilova mezani, mkasi mkononi. Punde si punde, nyuso zile zile za watoto zinaanza kucheza.

Projekta haikusimamishwa. Picha huganda kwa fremu moja, yaani picha moja ya ukanda, kuchapishwa tena na tena kwenye ukanda mwingine: ukitaka igande sekunde 2 kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, unahitaji nakala 48.

Kuunga nako kulikuwa kazi ya vidole. Unakata, unakwangua utando wa picha kwenye ncha moja hadi ubaki ukanda mtupu, unapaka gundi, unalaza ncha ya pili juu yake na kubana. Utando ukibaki, gundi haishiki, na kiungo huachia katikati ya onyesho. Filamu hii ya dakika 68 hivi ina vipande zaidi ya 1,600. Hebu fikirini viungo hivyo!

Kaufman naye ana mbinu zake. Lile jumba la Bolshoi, ukumbi wa maonyesho wa Moscow, linaloonekana kujikunja hupatikana hivi: unaziba nusu ya lenzi, unapiga kamera ikiwa imeinama upande mmoja, unaurudisha ukanda mwanzo, unaziba nusu nyingine, unapiga tena ikiwa imeinama upande wa pili. Kamera ikitikisika kidogo tu, mstari wa katikati unaonekana.

Sasa tutairudia sehemu ya farasi, safari hii bila muziki, maana muziki huficha mikato. Tazameni rafu zilizo karibu na Svilova: kila ukanda umeviringishwa na kuwekwa mahali pake, ukisubiri kuchaguliwa.