Mabaraza ya Mtaa wa Narung'ombe

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa kuzungumza juu ya biashara za zamani za Kariakoo, hapa Dar es Salaam, ingawa naona humu ukumbini wapo watu watatu au wanne ambao wangeweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko mimi, na mmoja wao alinichapa bakora mwaka 1974 kwa kumwaga gunia lake la mkaa. Kwa kuwa Kariakoo ni kubwa, nitabaki katika mtaa niliokulia, Mtaa wa Narung'ombe, na humo nitakaa zaidi barazani. Naamini kwamba biashara za mtaa ule zilikuwa tawi la nyumba, na kwamba ziliondoka siku kiwanja kilipokuwa na thamani kubwa kuliko nyumba iliyokaa juu yake. Wamachinga tunaowatupia lawama walifika wakati kazi hiyo imekwisha kufanyika.

Nianze na jina, kwa sababu vijana wengi wanaokwenda huko kununua simu na vitenge hawajawahi kujiuliza. Neno Kariakoo tumelipata kutoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, “Carrier Corps”, ambao Waingereza waliwapigisha kambi pale baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Na majina ya mitaa yake, Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, ni majina ya mahali kusini mwa nchi yetu palipopiganwa vita vikali mwaka 1917, na mizigo ya vita hivyo ilibebwa vichwani na wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba amechukua mzigo Narung'ombe, hajui amesema nini.

Wajerumani ndio waliokuwa wameanza kulipima eneo lile na kulikata viwanja vidogo vilivyonyooka, na Waingereza wakaliendeleza kuwa eneo la Waafrika, likitenganishwa na Uhindini kwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Katika kila kiwanja ilisimama nyumba ya Kiswahili, ambayo wengi wenu mnaijua: vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani jiko na choo, na mbele baraza. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki kwa makuli wa bandarini, makarani wadogo, wapishi wa Wazungu na vibarua wa reli. Katika mtaa wetu wenye nyumba kadhaa walikuwa wanawake. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, na kodi ya vyumba vinne ndiyo iliyomlea mama yangu.

Baraza la bibi lilikuwa na urefu wa hatua tisa za mtoto, nami nilizihesabu mara nyingi. Upande wa kulia alikaa fundi cherehani. Hakulipa kodi ya fedha. Alilipa kwa kushona. Nguo zote za nyumba ile, kuanzia kanzu ya babu hadi foronya, zilipita chini ya sindano yake, na bibi alikuwa na daftari kichwani la nani ameshonewa nini. Fundi naye hakuandika vipimo vya wateja wa kudumu. Mtu alipotokea kwenye kona alimtazama, akasema, “Umenenepa, nitaongeza inchi moja,” kisha akainama tena. Siku kumi za mwisho za Ramadhani alishona usiku kucha kwa taa ya karabai, akiwa amezungukwa na mafungu ya vitambaa ambayo kila moja lilifungwa kwa ukingo wa kitambaa chenyewe, na sisi watoto tulilala kwa mlio wa kanyagio lake. Mpaka leo nikisikia cherehani ya miguu usiku, nahisi kesho ni Idi.

Upande wa kushoto ulikuwa wa bibi mwenyewe. Alfajiri aliuza vitumbua, na ilipofika saa mbili asubuhi kikaango kilikuwa kimekwisha kuoshwa. Alasiri upande ule ule ulikuwa wa wazee na bao, na muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, dele lake likining'inia juu ya makaa, kashata zikiwa ndani ya bati lenye kioo. Vikombe vyote vilisuuzwa katika ndoo moja ndogo, jambo ambalo bwana afya wa leo asingelivumilia hata dakika moja. Redio ilipoanza kusoma matangazo ya vifo, bao lilisimama. Nalitaja hili kwa sababu linahusu biashara: muuza sanda wa mtaa wa pili alikuwa mmoja wa wasikilizaji, na hakuna aliyemwona vibaya.

Duka la rejareja lilikuwa kwenye kona, la Mshihiri, yaani Mwarabu wa asili ya Hadhramaut, kama yalivyokuwa maduka mengi ya kona. Sukari iliuzwa nusu na robo katika kifuko cha gazeti kilichosokotwa kama pembe, mafuta ya taa kwa kibaba cha bati, na kila mpangaji alikuwa na ukurasa wake wa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Hapa naomba tusidanganyane. Tunapenda kusema kwamba zamani watu walikopeshana kwa upendo. Mshihiri alikopesha kwa sababu alijua kila mtu amelala chumba gani na katika nyumba ya nani, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa dhamana yake. Mpangaji aliyeshindwa kulipa duka alijikuta anaulizwa na bibi yangu, mbele ya watu, huku akifua. Ulikuwa utaratibu mzuri wa biashara na ulikuwa na ukali wake. Na ndani ya vyumba vile, vya watu watano au sita kila kimoja, ukali haukuwa kitu cha kukumbuka kwa tabasamu.

Mtu anaweza kuuliza nyumba hizi za miti na udongo zilidumuje katikati ya jiji kwa muda mrefu namna ile. Sababu mojawapo ni udogo wake. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, majengo mengi ya Uhindini yalichukuliwa, lakini nyumba kama ya bibi haikukaribia kiwango hicho. Hapo jirani likajengwa soko jipya lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, lile lenye paa la miavuli ya zege na sehemu ya chini tunayoiita Shimoni, likafunguliwa mwaka 1975, na ndilo lililoungua Julai 2021. Soko lilikua juu. Nyumba zikabaki chini.

Miaka ya uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980 naipita haraka, maana kila mtu wa rika langu ana hadithi yake ya foleni ya duka la kaya. Niseme tu kwamba wakati wa msako wa walanguzi mwaka 1983, fundi wetu alificha mikunjo mitatu ya kitambaa cha wateja chini ya kitanda cha bibi, na bibi akajilaza juu yake akijifanya mgonjwa. Hakikuwa kitambaa cha ulanguzi, lakini nani angemsikiliza?

Mabadiliko yalikuja mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi. Bidhaa ziliporudi zilihitaji mahali pa kuuzwa, na macho yote yakaelekea kwenye vyumba vya mbele vya Kariakoo. Kwanza watu walitoboa ukuta wa chumba cha mbele wakaweka mlango wa duka. Kisha wakajengea baraza kwa matofali, likawa fremu, yaani chumba cha duka cha kupangisha. Fundi wetu aliondoka wakati huo, na hakufukuzwa: mtu wa vyombo vya plastiki alikuja na kodi ya mwaka mzima mkononi, pamoja na kilemba, yaani fedha ya juu ya kuachiwa nafasi, na bibi akaomba radhi huku analia. Foronya zisingeweza kushindana na fedha ile.

Pigo la pili lilitoka ndani, nalo wanaoandika habari za jiji hulisahau. Ni mirathi. Bibi alipofariki, nyumba ya vyumba sita ilikuwa na warithi kumi na mmoja, wengine Tanga, mmoja Muscat. Chumba hakigawanyiki kwa mafungu ya mirathi, fedha hugawanyika. Mjomba aliyetaka tuibakize alikuwa na hisia, na wengine walikuwa na ada za shule. Waliokuwa na subira kuliko sisi waliingia ubia: mwenye kiwanja anatoa kiwanja, mjenzi anapandisha ghorofa, wanagawana fremu kwa mkataba wa miaka. Sisi tuliuza. Nyumba ilibomolewa kwa siku mbili, na pale penye hatua zangu tisa pana ngazi za ghorofa ambako leo mawinga wanakushika mkono kukupeleka duka la kumi na mbili.

Wazee wangu, sikuja mikono mitupu. Karatasi hii kubwa niliyoitandika mezani ni mchoro wa upande mmoja wa mtaa, kati ya njia panda mbili, kama ulivyokuwa takriban mwaka 1972. Nimeandika kwa wino yale niliyo na hakika nayo: dobi, muuza mkaa, Mshihiri, nyumba ya bibi, kinyozi, hoteli ya maharage na chapati. Kwa penseli nimeandika ninayoyakisia. Nyumba ya nne kutoka kona nimeandika “fundi saa”, lakini dada yangu anaapa kwamba fundi saa alikuwa upande wa pili na pale palikuwa na mama wa dawa za kienyeji. Nyumba mbili za mwisho ni tupu kabisa. Kalamu zipo pembeni ya karatasi. Na wewe mzee wa mkaa, tafadhali uanze.