Kwanza Cheti, Pili Shule, Nyumba Baadaye: Mhadhara kwa Wazazi Wanaohamia Abidjan

Ndugu zangu wazazi, ahsanteni kwa kufika. Tangu Benki ya Maendeleo ya Afrika irudishe makao yake Abidjan mwaka 2014, familia za kwetu zinahamia Kodivaa kila mwaka, na mpangilio ni ule ule. Barua ya kazi inakuja, nyumba inakodiwa, mizigo inapakiwa, halafu wiki mbili kabla ya safari ndipo mtu anauliza: "Hivi watoto watasoma wapi?" Nimelisema hili kila ninapoitwa na leo nalirudia: kwanza cheti, yaani amua mtoto atamalizia masomo na cheti cha mtaala gani, pili shule, nyumba baadaye.

Njia ziko tatu. Kuna mtaala wa Kifaransa, katika shule zilizoidhinishwa na wizara ya elimu ya Ufaransa, kama Lycée international Jean Mermoz na Lycée Blaise Pascal. Kuna mtaala wa Kimarekani, kwa Kiingereza, pale International Community School of Abidjan. Na kuna mtaala wa Kodivaa wenyewe, kwa Kifaransa, katika shule za serikali na za binafsi. Sifa za majengo na mabwawa ya kuogelea mtazisoma wenyewe. Mimi nataka tukae kwenye hesabu ya madarasa, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapoumizwa.

Chukueni mtoto aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2015. Kama alianza darasa la kwanza Januari 2022, basi Januari 2026 anaingia la tano. Sasa mhamishie Abidjan mwezi huo huo. Shule ya Kifaransa inatazama mwaka wa kuzaliwa tu: wote wa 2015, wa Januari na wa Desemba sawasawa, katika mwaka wa masomo 2025/2026 wako CM2. Mzazi anahesabu kuanzia CP, darasa lao la kwanza, anaona ni darasa la tano, anafurahi. La tano kwa la tano! Hapana. CM2 hiyo ilianza Septemba, na ndiyo mwisho wa shule ya msingi. Septemba 2026 wenzake wanaingia sekondari, darasa wanaloliita 6e. Kwetu angekuwa bado yuko la tano. Yaani ndani ya miezi minane mtoto ametolewa mwanzoni mwa darasa la tano na kuingizwa sekondari, tena kwa lugha asiyoijua.

Dawa yake ipo. Omba kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote, awekwe CM1, darasa lililo chini ya CM2, amalizie mwaka huo, kisha aisome CM2 yote kuanzia Septemba. Anayetoka nje ya mtandao wa shule za Kifaransa hupimwa Kifaransa na hisabati, basi shule itakuwa na matokeo ya kuamulia. Au mzazi mwenye kazi atangulie Januari, na watoto wafuate Agosti. Najua kuna atakayesema mtoto atajiona amerudishwa nyuma. Amerudishwa wapi? Amemaliza la nne Desemba. CM1 ya Januari iko katikati ya mwaka wa nne. Anapoteza miezi sita na anapata msingi.

Mlio na watoto kwenye shule za Kiingereza za Nairobi au Dar, mtego wenu ni mwingine. Waingereza wanakata umri tarehe 31 Agosti: aliyezaliwa baada ya hapo huwekwa na kundi la mwaka unaofuata. Mtoto wa tarehe 14 Novemba 2015, katika mwaka huo huo wa 2025/2026, yuko Year 5, lakini kwa Wafaransa ni wa CM2, ambayo inalingana na Year 6. Karuka mwaka mzima bila mtu kuamua. Kila mwenye mtoto wa Septemba hadi Desemba aliandike hilo.

"Lakini watoto wanashika lugha haraka." Wanashika ya uwanjani. Kusoma fumbo la hesabu na kuandika insha ni miaka. Wa chekechea na CP mpeleke bila hofu. Wa CM1 kwenda juu, uliza: masaa mangapi kwa wiki ya msaada wa Kifaransa, nani anafundisha, na anatolewa kwenye kipindi gani ili akafundishwe? Wakijibu "atazoea", tafuta pengine.

Wakubwa, kwa haraka. Usimpeleke mtoto Terminale, mwaka wa mwisho wa Kifaransa, akitokea nje. Asilimia 40 ya alama za baccalauréat, cheti cha kumaliza sekondari, hutokana na kazi za darasani za miaka miwili ya mwisho, na mtihani wa Kifaransa chenyewe hufanywa mwaka mmoja kabla. Aliye kidato cha nne, mwache kwa ndugu amalize mtihani wa Novemba. Anayekwenda kwa Wamarekani na anataka chuo cha Uingereza ajue vyuo vingi kule huhitaji mitihani ya AP, ile ya Kimarekani ya kiwango cha chuo, pamoja na diploma ya sekondari. Atakayerudi Tanzania na cheti cha nje apitie NECTA, Baraza la Mitihani, kulinganishiwa kabla ya kuomba chuo.

Mtaala wa Kodivaa una gharama ndogo, na watoto wa Bujumbura au Bukavu waliozoea Kifaransa wanaumudu. Angalieni tu kwamba una CP1 na CP2, hivyo msingi ni miaka sita, na mitihani yake ni CEPE mwisho wa msingi, BEPC mwisho wa sekondari ya chini, na BAC mwisho wa sekondari. Na sixième (6e) ya pale ni mwanzo wa sekondari, si la sita la Kongo.

Fedha: mwulizeni mwajiri, kwa maandishi, kama analipa ada ya kujiandikisha mara ya kwanza, ambayo kwa kawaida hairudishwi, na basi, na chakula. Nyumba sasa: shule ikiwa mitaa ya Cocody au Riviera, kukodi mtaa wa Marcory ni kuvuka daraja kila asubuhi, na la moja kwa moja ni la kulipia.

Karatasi: cheti cha kuzaliwa, ripoti za miaka miwili au mitatu, barua ya kuhama, kadi ya chanjo pamoja na homa ya manjano, vyote vikiwa na tafsiri ya Kifaransa ya mtafsiri aliyeapishwa. Vibebeni mkononi, visiingie kwenye kontena. Maombi ya Septemba yaanze Januari. Mliokuja na ripoti za watoto, sogeeni hapa mbele na tarehe za kuzaliwa tuhesabu.