Tunaunda Kompyuta Ndogo ya Kubeba kwa Kazi Nzito za Prosesa

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo tunaunda kompyuta inayoingia kwenye begi la mgongoni, na kazi yake ni moja: kuchakata. Kurenda (kutengeneza picha za 3D) kwa prosesa kwenye programu ya Blender, kukompaili msimbo mkubwa wa programu, kubana video ndefu, kuendesha mahesabu yanayokesha. Michezo haimo, kwa hiyo kadi ya picha haimo. Hapo tumeokoa pesa, nafasi na joto kwa mpigo mmoja.

Vifaa ni hivi. Bodi ya Mini-ITX, yaani milimita 170 kwa 170, saizi iliyoletwa na VIA mwaka 2001 na mpaka leo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Prosesa ni Ryzen 9 7900 ya AMD. RAM ni DDR5, vijiti viwili vya GB 32. Diski ni NVMe, ile nyembamba ya kuchomeka kwenye bodi, ya TB 1. Pawa saplai ni ya SFX, yaani saizi ndogo, wati 450. Kipozeo ni kifupi, urefu wake milimita 47. Kasha ni la lita 7 hivi.

Kabla hatujagusa bisibisi, nieleze kwa nini prosesa hii, maana hapa ndipo wengi hupoteza hela. Kwenye kasha dogo, bajeti yako ya kwanza ni joto. Prosesa ukiikimbiza zaidi, inadai volti zaidi, na umeme inaokula unapanda kwa mraba wa hiyo volti. Hiyo asilimia ndogo ya mwendo wa mwisho ndiyo ghali kuliko zote. Kwa hiyo viini (cores, zile sehemu za prosesa zinazochakata sambamba) vingi vinavyokwenda mwendo wa wastani vinafanya kazi nyingi kuliko viini vichache vinavyokimbizwa hadi mwisho, na umeme ni ule ule. Hii 7900 ina viini 12, inaendesha kazi 24 kwa pamoja, na kikomo chake cha umeme kwenye soketi ni wati 88. Ndugu yake mkubwa, 7950X, ameachiwa hadi wati 230. Kipozeo cha milimita 47 hakiziwezi wati 230, hata ukikibembeleza. Wati 88 kinazimudu. Na 7900 ina picha zake za ndani, kwa hiyo skrini unachomeka moja kwa moja kwenye bodi.

Ndani ya boksi la prosesa kuna kipozeo cha bure. Ni kizuri, lakini kwa kasha hili ni kirefu mno. Kiweke pembeni.

Sawa, bodi mezani, juu ya boksi lake la karatasi. Inua mkono wa soketi, fungua fremu. Kwenye AM5, aina ya soketi ya prosesa hii, pini ziko kwenye soketi, prosesa yenyewe ni bapa. Pembetatu ya dhahabu ikutane na pembetatu ya kwenye soketi, ilaze, usiisukume. Kifuniko cheusi cha plastiki kiache hapo hapo. Ukishusha fremu na mkono, kinaruka chenyewe. Kimeruka, mmeona? Kitunze, maana siku ukirudisha bodi dukani watakiuliza.

RAM: tak, tak. Diski: ingiza kwa mteremko, ilaze, skrubu. Tumeenda haraka kwa sababu hapo hakuna la kukosea.

Sasa tupunguze mwendo. Nataka kila anayetazama anisikilize hapa. Kabla ya kipozeo, kabla ya kasha, chukua waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 8, uchomeke SASA. Soketi yake iko hapa kwenye kona ya juu ya bodi. Nasogeza kamera. Kati ya hii soketi na mahali mapezi ya kipozeo yatakapokaa, kidole changu kidogo kinapita kwa shida. Ikishaingia ndani ya kasha, pawa saplai ikishakaa, hakuna kidole kitakachofika. Utabaki unasukuma kwa bisibisi, na bisibisi ikiteleza inakwangua bodi.

Na angalia waya wenyewe. Kwenye mfuko wa pawa saplai kuna nyaya mbili zinazofanana: zote nyeusi, zote zina pini 8. Wa prosesa kichwa chake kinagawanyika nne kwa nne. Wa kadi ya picha kinagawanyika sita na mbili. Shika kichwa, kitenganishe, tazama. Nne kwa nne. Ukiona unalazimisha, acha, umeshika usio wake. Vile vile usiazime nyaya za pawa saplai nyingine hata kama vichwa vinaingia. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na waya wa kuazima unaweza kuunguza diski au bodi nzima.

Umesikia "klik"? Vuta kidogo. Hautoki. Haya.

Pesti ya joto. Kifuniko cha prosesa za AM5 kina mikato pembeni, na watu huogopa pesti isiingie kwenye mikato. Pesti ya kawaida haipitishi umeme, usipoteze usingizi. Ila usimwage. Tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati linatosha, kipozeo kitalitandaza chenyewe. Bandua plastiki chini ya kipozeo. Tazama tena kama umeibandua. Shusha kipozeo wima, kisha skrubu: mizunguko miwili huku, miwili kona ya pili, kwa mshazari, mpaka zote zikaze. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, kipozeo kinainama na pesti inakimbilia upande mmoja.

Feni naiweka ipulize kuelekea bodi. Wapo wanaopenda ivute hewa kutoka kwenye bodi, na kwenye makasha fulani wana haki. Hapa ubavu wa kasha una matundu mbele ya feni kabisa, kwa hiyo inapata hewa baridi moja kwa moja, na mabaki ya upepo yanapoza RAM, diski na vile vipande vya umeme vinavyoizunguka soketi. Kwa kazi ya saa sita mfululizo, vile vipande navyo vinahitaji kuhurumiwa.

Bodi iingie kwenye kasha. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu... ya nne haishiki. Tusubiri. Nageuza kamera muone. Tundu la bodi na tundu la kasha havijakutana, limebaki nusu. Tatizo liko nyuma: ile bati inayozunguka milango ya kuchomekea nyaya ina vimasikio vya kuchipuka vinavyoisukuma bodi irudi ndani. Nalegeza tatu za mwanzo, nasukuma bodi kwa vidole viwili kuelekea kwenye milango, naishikilia hapo hapo, ndiyo nakaza ya nne. Imeshika. Sasa nazirudia tatu. Na nikiwa hapa naangalia tena ule waya wa pini 8: umechomekwa, haujavutwa, haugusi feni.

Pawa saplai imekaa. Waya mkubwa wa pini 24, bonyeza mpaka ulie. Waya wa USB wa mbele una kichwa kigumu chenye pini 19, na ndio unaovunja mioyo: waya ni mnene, kasha ni dogo, ukiuvuta kwa pembeni unapinda pini. Uingize wima, kisha ukunje waya sentimita chache juu ya kichwa, si kwenye shingo yake. Vile vidude vya swichi na taa vichomeke kwa kufuata kitabu cha bodi.

Washa kabla ya kufunga ubavu. Feni inazunguka... hiyo sauti mnaisikia? Tr-r-r-r. Zima. Ni waya wa feni yenyewe, umeinuka umegusa mapezi yake. Naufunga kwa kamba ya plastiki kwenye kona, nakata mkia. Washa tena. Safi.

Skrini ni nyeusi na taa ya RAM kwenye bodi inawaka. Usizime! DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza, bodi inajifunza kuzungumza nayo, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukizima katikati, inaanza upya. Acha mikono mfukoni.

Imekuja. Ingia BIOS, programu ya bodi yenyewe, na la kwanza kabisa ni kuisasisha. Bodi za AM5 za mwanzo, zikiwa na BIOS ya kabla ya masahihisho ya mwaka 2023, ukiwasha EXPO, yaani mpangilio wa kuipa RAM mwendo wake kamili, zilikuwa zinapandisha kupita kiasi volti ya SoC, sehemu ya ndani ya prosesa inayoongea na RAM, na prosesa kadhaa ziliungua. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3. Kwa hiyo sasisha kwanza, EXPO baadaye. Kisha hakikisha PBO, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuvuka kikomo chake cha umeme, haijawashwa, ili zile wati 88 zibaki wati 88. Feni nayo mpe ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, isipige kelele kila prosesa ikikohoa.

Kuhusu RAM, nimeulizwa kwa nini GB 64. Mimi huhesabu GB 2 kwa kila kazi wakati wa kukompaili. Kazi 24 ni GB 48, na mfumo nao unataka chake. Bodi hii ina nafasi mbili tu, kwa hiyo ukinunua vijiti vidogo leo, kesho utavitoa vyote.

Sasa jaribio. Funga ubavu. Lazima ufunge, maana kasha likiwa wazi majibu ni ya uongo. Endesha renda ya dakika 30 kwenda juu. Dakika tano hazitoshi, kasha dogo linachelewa kujaa joto, mwanzoni kila kitu kinaonekana kizuri. Tazama vitu viwili kwa pamoja: joto na mwendo wa viini. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi joto 95. Ikikaa chini ya hapo na mwendo hautetereki, umemaliza. Ikigonga 95 na mwendo unashuka, geuza feni ujaribu upande wa pili kabla ya kununua chochote.

Kwa kusafiri, hiki kipozeo kifupi ndicho kinachonipa amani. Kile kirefu kama mnara, begi likidondoka, kinaning'inia na kuivuta bodi. Hiki hakina pa kuyumba. Laza kasha bodi ikiwa chini, na kila ukifika rudia kukaza skrubu za kipozeo kidogo.

Anayetaka viini 16, 7950X inaingia kwenye soketi hii hii. Iwekewe Eco Mode, mpangilio wa kupunguza umeme, ya wati 65 ndani ya BIOS, nayo itashuka mpaka zile zile wati 88: 65 ni jina la daraja tu, kikomo kwenye soketi ni 88. Hiyo ndiyo nitakayoiunda kwenye video ijayo, na kipozeo sikibadilishi.